Bill Wilson: Mlevi Aliyemtafuta Mlevi Mwenzake

Kila siku ya Mungu, katika nchi kadiri ya 180, watu huketi pamoja katika vyumba vya kuazima, mmoja wao akataja jina lake la kwanza tu, akakiri kuwa yeye ni mlevi, na wenzake wakamsikiliza bila ya kumcheka. Hawalipi kiingilio, hawaandikwi katika daftari, wala hakuna daktari wala padri anayewasimamia. Desturi hiyo ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni dalali mmoja wa hisa aliyefilisika, jina lake William Griffith Wilson, ambaye walimwengu humjua zaidi kwa jina la Bill W. Alifariki mwaka 1971. Habari zake zafaa kusimuliwa hapa kwetu pwani, ambako mlevi hubeba aibu mbili: ile ya ulevi wenyewe, na ile ya kuwa Mwislamu anayekunywa.

Bill Wilson alizaliwa tarehe 26 Novemba, 1895, katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Kijiji hicho kilikuwa cha wachimba marumaru. Nyanyake mzaa baba alikuwa na hoteli hapo, na Bill alizaliwa katika chumba kilichokuwa nyuma ya baa ya hoteli hiyo. Wapo wanaolifanya jambo hili kuwa ni ishara. Mimi sioni ishara yoyote hapo, maana watoto wangapi wamezaliwa karibu na baa na wasiionje pombe maishani mwao? La kutazamwa zaidi ni kwamba babu yake mzaa baba alikuwa mlevi, na katika ukoo husimuliwa kuwa asubuhi moja alipanda mlimani, akamlilia Mungu, akashuka na kuacha kabisa mpaka kufa kwake.

Bill alipokuwa na umri wa miaka kama 10 hivi, wazazi wake waliachana. Baba alikwenda zake mbali, magharibi. Mama akaenda Boston kusomea utabibu wa mifupa. Na Bill na dadake Dorothy wakaachwa kwa babu na nyanya wa upande wa mama. Mtoto huyo alikua na moyo wa kutaka kuwa wa kwanza katika kila jambo. Siku moja babu yake alimwambia kuwa hapana mtu asiyekuwa wa Australia awezaye kutengeneza lile gongo la kupinda ambalo hurushwa likamrudia mwenyewe. Bill alichonga miezi kadhaa, hata ubao wa kichwani mwa kitanda chake aliukata, mpaka akalipata gongo linalorudi. Kiburi hicho kilimfikisha mbali, na pia kilimgharimu. Mwaka 1912 msichana aliyempenda shuleni, Bertha Bamford, alifariki ghafla baada ya kupasuliwa hospitalini, na Bill akazama katika huzuni iliyomfanya hata asiweze kusoma. Huzuni ya namna hiyo ilimwandama kwa miaka mingi baadaye.

Pombe aliionja mara ya kwanza akiwa na miaka 21, mwaka 1917, alipokuwa ofisa kijana wa jeshi katika mji wa New Bedford. Matajiri wa mji walikuwa wakiwakaribisha maofisa majumbani mwao, naye alikuwa mtu wa kijijini, mrefu, mwenye haya, asiyejua aweke wapi mikono yake mbele ya watu. Alipewa gilasi, akanywa, na palepale haya zikamtoka. Aliona kwamba sasa ni mtu miongoni mwa watu. Hapana shaka wako wasomaji wanaoijua hali hiyo, ama wao wenyewe au kwa jamaa zao: mlevi wa aina hii hapendi ladha ya kinywaji, bali hupenda yule mtu anayekuwa baada ya kunywa.

Tarehe 24 Januari, 1918, kabla ya kusafirishwa Ulaya vitani, alimwoa Lois Burnham, binti wa daktari wa Brooklyn, New York, aliyemzidi umri kwa miaka minne. Aliporudi alisomea sheria katika masomo ya usiku lakini hakuchukua shahada yake. Akaingia katika biashara ya hisa. Huko alifanya jambo ambalo madalali wa wakati ule hawakulizoea: mwaka 1925 yeye na mkewe walipanda pikipiki yenye kigari cha ubavuni, wakalala kwenye mahema, wakazunguka viwandani kuzichunguza kampuni kwa macho yao kabla ya watu kununua hisa zake. Fedha zilikuja kwa wingi. Nazo zilinywewa kwa wingi. Soko la hisa lilipoanguka mwezi wa Oktoba, 1929, Bill alianguka nalo. Mume na mke wakahamia nyumbani kwa wazazi wa mke, nambari 182 barabara ya Clinton, Brooklyn, na Lois akawa muuzaji katika duka kubwa la Macy's ili wapate kula. Mimba zao zote ziliharibika; hawakujaliwa mtoto.

Kuanzia mwaka 1933 Bill alilazwa mara nne katika hospitali ya Towns, New York, iliyokuwa ikishughulikia walevi. Humo alikuwamo daktari mpole, William Silkworth, aliyemwambia neno ambalo madaktari wachache walilisema zama zile. Daktari huyo aliona kwamba ulevi wa namna hii si ukosefu wa adabu tu. Mwili wa mtu huyo una kitu mfano wa mzio, yaani akishaweka tone moja hawezi tena kujizuia, na akili yake nayo ina kichaa cha kumrudisha kwenye lile tone la kwanza. Bill alifurahi kupata jina la maradhi yake. Lakini alitoka hospitalini na akanywa tena.

Mwezi wa Novemba, 1934, rafiki yake wa zamani, Ebby Thacher, alimtembelea. Ebby alikuwa mlevi mkubwa, na Bill alikwisha kuandaa pombe juu ya meza ya jikoni akitazamia kuwa watakunywa pamoja. Ebby alikataa. Alimweleza kwamba ameingia katika kikundi cha Kikristo kilichoitwa Oxford Group, kilichoanzishwa na kasisi Frank Buchman, ambamo watu hukiri makosa yao mbele ya wenzao, huwaendea waliowadhulumu wakalipa, na husaidia wengine. Maneno hayo Bill alikuwa ameyasikia kwa watu wa dini mara nyingi, yakaingia sikio hili yakatokea la pili. Safari hii yalimkaa, kwa kuwa msemaji alikuwa mlevi mwenziwe, na macho yake yalikuwa meupe.

Tarehe 11 Desemba, 1934, Bill aliingia hospitali ya Towns mara ya nne, na bia alizokunywa njiani zikawa ndizo za mwisho maishani mwake. Siku chache baadaye, akiwa kitandani katika kukata tamaa, alimwomba Mungu kama yupo ajionyeshe, akaona chumba kimejaa nuru na roho yake imetulia. Aliogopa kuwa amepata wazimu, Dkt. Silkworth alimwambia alishike hilo alilolipata, maana ni bora kuliko alichokuwa nacho. Wako wasemao kuwa ni dawa za hospitali zilizomchezea akili. Iwavyo na iwe, hakunywa tena.

Na hapa ndipo habari yenyewe inapoanza. Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake. Bill alitoka hospitalini na wazo kwamba atawaponya walevi wote wa dunia, akaanza kuwafuata katika misheni za maskini na vitandani hospitalini, akawahubiria ile nuru yake. Wengine aliwaleta nyumbani wakalala na kula. Miezi ikapita, na hapana hata mmoja aliyeacha. Alipomlalamikia mkewe, Lois alimkumbusha kuwa yuko mmoja ambaye hajanywa muda wote huo, naye ni Bill mwenyewe. Na Dkt. Silkworth alimshauri apunguze mahubiri. Amweleze mlevi kwanza habari ya maradhi, na jinsi yalivyomtenda yeye Bill.

Mwezi wa Mei, 1935, alikwenda Akron, jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya matairi, katika mvutano wa wenye hisa juu ya nani atakayeitawala kampuni moja ya mitambo ya mpira. Kama angalishinda, angalikuwa mkubwa wa kampuni na madeni yake yote yangalikwisha. Upande wake ulishindwa. Wenzake wakarudi New York, naye akabaki peke yake katika hoteli ya Mayflower, Jumamosi tarehe 11, akiwa na dola kama 10 mfukoni. Upande mmoja wa ukumbi wa hoteli ilikuwako baa, na vicheko vya watu wa Jumamosi vilimfikia pale alipokuwa akitembea huku na huku. Alijiambia kwamba ataingia anywe soda tu, apate mtu wa kuzungumza naye. Kisha hofu ikamshika, kwani alijua soda hiyo itakwisha vipi.

Upande wa pili wa ukumbi palikuwa na simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji. Bill alichagua jina la kasisi mmoja, Walter Tunks, akampigia akamweleza bila ya kuficha kwamba yeye ni mlevi kutoka New York na kwamba anahitaji kuzungumza na mlevi mwingine. Tafadhali msomaji uliangalie ombi hilo. Hakuomba sala, wala dawa, wala nauli. Aliomba mlevi! Kasisi alimpa majina kama kumi. Bill aliyapigia simu moja baada ya jingine. Huyu hayuko, yule ana safari, mwingine ana shughuli. Mwishowe alielekezwa kwa Bi. Henrietta Seiberling, mkaza mwana wa mwenye kuanzisha kampuni ya matairi ya Goodyear. Bibi huyo alikuwa katika Oxford Group, na kwa muda mrefu alikuwa akimwombea dua mtu mmoja wa mji huo, daktari mpasuaji, Robert Holbrook Smith, aliyekuwa akipoteza wagonjwa wake na jina lake kwa sababu ya pombe. Alimwita Bill aje, akampigia simu mke wa daktari. Siku ile haikuwezekana. Daktari alikuwa amemletea mkewe maua ya chunguni kwa ajili ya Siku ya Akina Mama, akayatua juu ya meza, naye mwenyewe akawa chini ya meza, hajijui.

Walikutana siku ya pili yake, Jumapili tarehe 12 Mei, saa kumi na moja jioni, katika nyumba ya Bi. Seiberling. Dkt. Smith alikuwa akitetemeka kwa uchovu wa ulevi, na alimwekea mkewe sharti kwamba hatakaa zaidi ya dakika 15. Alikuwa na miaka 55, mtu wa Vermont kama Bill, aliyesoma kumzidi, na aliyehudhuria mikutano ya dini zaidi ya miaka miwili bila ya kufaidika. Waliingia katika chumba cha vitabu, wakafunga mlango. Bill hakumhubiria. Alimsimulia jinsi alivyokuwa akinywa, alivyoficha chupa, alivyoapa na kuvunja viapo, na alivyoambiwa na daktari. Akamwambia waziwazi kuwa amekuja kwa haja yake yeye, kwani asipozungumza na mlevi atakunywa. Dkt. Smith, aliyekwisha kuambiwa kila kitu na watu waliotaka kumsaidia, hakuwahi kukutana na mtu aliyehitaji msaada wake. Zile dakika 15 zilikwisha saa tano na robo usiku.

Haikuwa mwisho wa shida, lakini. Bill alihamia kwa akina Smith. Wiki chache baadaye daktari alikwenda kwenye mkutano wa madaktari mjini Atlantic City, akalewa tangu alipopanda treni, akarudishwa nyumbani hajitambui. Naye alikuwa na mgonjwa wa kumpasua siku tatu baadaye. Bill na Anne, mke wa daktari, walimuuguza usiku na mchana. Asubuhi ya kupasua, mikono ikimtetemeka, Bill alimpa chupa moja ya bia ili kisu kisimpotee. Upasuaji ulikwenda vyema. Saa zikapita daktari asirudi nyumbani, na wote wakadhani kuwa amerejea kwenye chupa. Kumbe alikuwa akizunguka mjini kwa watu anaowadai radhi, nyumba kwa nyumba, akikiri makosa yake. Bia ile ilikuwa ya mwisho. Siku hiyo huhesabiwa kuwa ni tarehe 10 Juni, 1935, na ndiyo siku ya kuzaliwa kwa chama, ingawa wako wanahistoria wanaoisogeza mbele kwa siku chache.

Wawili hao wakaenda katika hospitali ya mji kutafuta wa tatu, wakaelekezwa kwa wakili mmoja, Bill Dotson, aliyefungwa kitandani kwa kuwapiga wauguzi. Waliketi kila mmoja upande wake, wakamsimulia habari zao. Wakili alitoka hospitalini mwanzoni mwa Julai na hakunywa tena. Walevi watatu, kitanda kimoja cha hospitali. Huo ndio mkutano wa kwanza wa Akron.

Bill aliporudi Brooklyn alifungua mlango wa nyumba ya Clinton kila Jumanne usiku. Walevi walikuja, wengine wakahamia kabisa. Lois alifanya kazi dukani mchana, akapika usiku. Mwaka 1936 mmoja wa wageni hao alijiua humo ndani wenyewe wakiwa hawapo. Siku moja Bill alipomhimiza mkewe afanye haraka wasichelewe mkutano, Lois alivua kiatu akamtupia. Baadaye aliueleza mshangao wake: miaka 17 alikuwa ametamani mume huyu aache pombe, na alipoacha, wageni ndio waliomponya, si yeye. Kutokana na kiatu hicho, tuseme, ndiyo ikazaliwa mikutano ya wake, waume na wazazi wa walevi, ambao kwa miaka walikuwa wakingoja jikoni wakati wenzao wanazungumza. Mwaka 1951 Lois na mwenzake mmoja waliiunganisha ikawa chama chake, Al-Anon.

Mwisho wa mwaka 1937 Bill na Dkt. Smith walikaa wakahesabu waliosimama imara, wakapata kama watu 40. Bill, dalali kama alivyokuwa, alianza kuota mahospitali na wahubiri wa kulipwa mishahara. Wajumbe wakamwendea tajiri John D. Rockefeller. Tajiri huyo alivutiwa sana, akatoa dola 5,000, akakataa kutoa zaidi kwa kuchelea kuwa fedha zitaiharibu kazi hiyo. Kunyimwa huko, kwa maoni yangu, ndiko kulikokiokoa chama. Kabla ya hapo mwenye hospitali ya Towns alimpa Bill kazi na ofisi, na wenzake wa Jumanne wakamkataza: mlevi akimsaidia mlevi kwa mshahara, atakuwa daktari mwingine tu. Alitii, na Lois akaendelea kusimama dukani.

Mwaka 1938 Bill alikaa kuandika kitabu, akaweka ndani yake zile hatua 12 zinazojulikana leo: kukiri kuwa umeshindwa, kumtegemea Mungu, kujihesabu, kuungama, kulipa madhara uliyowafanyia watu, na kumpelekea habari mlevi mwingine. Palikuwa na ubishi mkubwa. Wako waliotaka Ukristo utajwe waziwazi, wako wasioamini Mungu waliotaka asitajwe kabisa, na huko Cleveland walikuwako Wakatoliki ambao kanisa lao halikuwaruhusu kuungama katika mkutano wa Waprotestanti. Mwishowe iliamuliwa kuwa kila mtu amwite Mungu kwa namna anavyomjua yeye, na walevi wakajitenga na Oxford Group. Kitabu kilitoka Aprili, 1939, kikaitwa Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiojitaja Majina, na chama kikachukua jina hilo. Mwezi huohuo Bill na Lois walifukuzwa katika nyumba ya Clinton kwa deni la benki, wakahamahama kwa marafiki zaidi ya mara 50 katika miaka miwili. Kitabu hakikununuliwa. Tarehe 1 Machi, 1941, gazeti la Saturday Evening Post liliandika habari zao, na mwaka huo wanachama, waliokuwa kama 2,000, wakafika 8,000.

Bill alitumia miaka iliyofuata kutunga kanuni, zilizokubaliwa rasmi mwaka 1950, na ambazo ndizo zinazomlinda mtu anayeingia mkutanoni leo. Sharti la kuingia ni moja tu: mtu awe na nia ya kuacha kunywa. Chama hakipokei fedha za nje. Kofia hupitishwa, mwenye senti hutia, asiyekuwa nayo hupisha. Hakuna mwenyekiti wa maisha. Jina la mtu halitajwi magazetini. Iko mikutano ya wazi, ambayo hata jamaa au mwanafunzi aweza kuhudhuria, na iko ya walevi peke yao. Mgeni halazimishwi kusema. Aweza kuketi nyuma, anywe chai yake, asikilize, aende zake. Akirudi mara kadhaa hutafuta mkongwe mmoja wa kumshika mkono, ambaye atampigia simu hata usiku wa manane kiu ikimjia. Watafiti waliokusanya uchunguzi 27, wa watu zaidi ya 10,000, walitangaza mwaka 2020 kuwa mipango inayomwelekeza mlevi kwenye mikutano hii huwafanya watu waache kabisa sawa na tiba nyingine, na mara nyingi kuzidi. Jambo moja lisisahauliwe: aliyezama sana katika pombe asiikate ghafla peke yake chumbani, kwani aweza kupatwa na kifafa na hata kufa. Apite hospitali kwanza, kama alivyopita Bill.

Kwa msomaji wa pwani, neno la kwanza litakalomjia hapa ni sitara. Mlevi wa Kiislamu hunywa mbali na mtaa wake, na kwa sababu hiyohiyo hafiki kwa wa kumsaidia; anahofia kuonekana akiingia. Tena wako wanaouliza kama yafaa mtu kuyasema madhambi yake mbele ya watu wakati Mola amemsitiri. Swali hilo ni zito, na jibu lake tuwaachie mashekhe. Ila ieleweke kwamba mkutano huo si hadhara. Linalosemwa humo halitoki, na asemaye ni mgonjwa mbele ya wagonjwa. Waislamu wa Marekani waliliona tatizo, na mwaka 1989 baadhi yao mjini Baltimore wakaanzisha Millati Islami, wakazirekebisha zile hatua 12 ziende sambamba na dini yao. Karibu yetu zaidi, soba hausi za Unguja, zilizoanza mwaka 2009 kwa vijana wa unga, hutumia hatua hizohizo, na waendeshaji wake ni watu waliopitia humohumo. Hapa Kenya mikutano ya walevi iko Nairobi na Mombasa, na anayeona haya kuuliza mtaani aweza kuipigia simu NACADA kwa nambari 1192, bila malipo, aelekezwe.

Bill mwenyewe hakuwa malaika, na wenzake hawakumficha. Miaka mingi baada ya kuacha pombe alilala kitandani kwa huzuni asiweze kufanya kazi. Alikuwa na wanawake wa nje, na mmoja wao alimwachia fungu la mapato ya vitabu vyake. Mwaka 1956 alijaribu dawa ya LSD, iliyokuwa bado halali, akidhani itawafungulia walevi wengine ile nuru aliyoiona yeye, chama kikachukia. Ebby, aliyemletea habari, alirudia pombe mara nyingi, na Bill alimsaidia kwa fedha mpaka Ebby alipofariki mwaka 1966. Dkt. Smith alikuwa ametangulia, Novemba 1950. Mwaka 1954 chuo kikuu cha Yale kilitaka kumpa Bill shahada ya heshima, akaikataa, kwa kuwa jina lake lisingeweza kufichwa.

Lakini lililomsumbua zaidi ni kwamba hakuwa na mkutano wa kwenda. Kila alipoingia watu walisimama, wakataka mwasisi awahutubie, wakataka kumgusa. Wote waliweza kuketi nyuma na chai yao isipokuwa yeye. Mlevi aliyepiga simu kumi kumtafuta mlevi mmoja, sasa alikuwa na walevi mamia ya maelfu, na hakuweza kuzungumza nao kama mlevi.

Sigara hakuziacha upesi, nazo ndizo zilizomuua. Julai 1970, katika mkutano mkuu mjini Miami, aliletwa jukwaani kwa kiti cha magurudumu, mapafu yamekwisha, akasema kwa dakika chache. Mwishoni mwa mwaka hali ilizidi. Wauguzi waliomkesha waliandika katika daftari zao kwamba siku zile za mwisho, baada ya miaka 36, aliomba wiski, zaidi ya mara moja, akakasirika aliponyimwa. Hakupewa. Alifariki mjini Miami tarehe 24 Januari, 1971, siku ambayo yeye na Lois walitimiza miaka 53 ya ndoa, na magazeti yakaandika kwa mara ya kwanza kwamba Bill W. ni William Griffith Wilson.

Ardhi ya Vermont ilikuwa imeganda kwa baridi, basi ilingojwa mpaka mwezi wa Mei ndipo akazikwa East Dorset, karibu na pale alipozaliwa. Lois alimfuata mwaka 1988. Jiwe la kaburi lina jina lake na miaka yake. Habari ya chama haimo. Wageni wanaofika huko huacha juu ya jiwe visarafu wanavyopewa mikutanoni kwa kutimiza siku, miezi au miaka bila ya pombe.